Kitasa cha Elna

"Kaa," alisema Gunvor Stiernholt. "Kaa tu, haling'ati."

Konstebo Emin Halilović alimtupia jicho mkuu wake kwanza. Inspekta Ragna Törnblad aliinua mabega, maana yake fanya unavyoambiwa. Basi Emin akakunja miguu yake mirefu na kujipenyeza nyuma ya usukani wa gari jipya la Hedenlund, lililowekwa katikati ya ukumbi wa makumbusho ya kiwanda kama bwana harusi. Gari jingine la toleo hilohilo ndimo ilimotolewa maiti Ijumaa iliyopita, jengo la pili kutoka hapo.

"Funga mlango. Vizuri. Sasa bonyeza kitufe."

Mlango ulifunguka taratibu, wenyewe, kwa sauti ya mtu anayeshusha pumzi.

"Tena," alisema Gunvor. Emin akafunga tena, akabonyeza tena. Gunvor aliwageukia Ragna na ukumbi mzima pamoja, ingawa ukumbini hamkuwa na mtu mwingine. Alikuwa mwanamke wa miaka sitini, mrefu, nywele nyeupe zilizokatwa kama za mwanajeshi, na cheo chake pale kiwandani kilikuwa Mkuu wa Historia na Sifa. Kwa maneno mengine, alilipwa kulinda jina.

"Wataalamu wetu wamefungua na kufunga mlango huu mpaka vidole vimeota sugu," alisema. "Nanyi pia mmejaribu. Si mmejaribu, konstebo?"

"Tumejaribu," Emin alikiri. "Ule mlango wa dereva umebomolewa kwa mtaimbo, hauna la kujaribu. Lakini mitatu iliyobaki ya gari lile tumeijaribu kwenye gereji yetu. Yote mizima."

"Basi tunangoja nini? Mwacheni mwendesha mashtaka afanye kazi yake kesho asubuhi, na sisi tumzike Arvid wetu kwa amani."

Ragna alikuwa anatazama gari lililokuwa kwenye kona, nyuma ya kamba nyekundu: kuukuu, la kijani, lina tope lililokauka hadi kwenye vioo. Kila mtoto wa mji wa Tunsta alipelekwa kuliona na shule yake. Katika miaka ya sitini lilitumbukia mferejini likiwa na baba, mama, bibi na watoto, na wote walitoka wakiwa hai, bibi bado ameshika kapu lake la mayai. Tope halikuoshwa mpaka leo. Tope lile liliuza magari kuliko wauzaji wote wa kampuni.

"Hivi hicho chuma chekundu mlangoni mwa lile kuukuu ni nini?" Emin aliuliza. Alikuwa amehamia kutoka Malmö mwaka uliopita tu, hakujua aibu ya swali lenyewe.

Gunvor alimwangalia kwa huruma. "Hicho ni kitasa cha Elna, kijana."

Akaanza kusimulia, na Ragna angeweza kumalizia kila sentensi. Edvard Hedenlund alikuwa mfua majembe ya kukokotwa na farasi. Majira ya baridi ya mwaka elfu moja mia tisa ishirini na sita alikatiza ziwa lililoganda kwa gari alilolinunua kwa watu wengine, binti yake Elna kakaa pembeni. Barafu ikapasuka. Baba alitoka. Mlango wa upande wa binti ulikuwa wa mbao, ulivimba kwa maji, ukakataa. Baada ya mazishi, Hedenlund alifunga karakana ya majembe akaunda gari. Halikuwa zuri na halikuwa na mbio. Washindani wake huko mijini waliliita jeneza lenye mlango. Lakini kila mlango ulikuwa na mkono wa chuma uliopakwa rangi nyekundu, na ukiuvuta, uwe ndani ya maji, uwe umepinduka, uwe unaungua, mlango unafunguka. Kampuni iliandika neno moja tu kwenye matangazo yake kwa miaka tisini: Utatoka.

"Ila kwenye hili jipya sikioni," alisema Emin.

"Hili lina kitufe."

"Nani alikiondoa kitasa?"

"Wenye mali," alisema Gunvor, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilipungua utamu. Kampuni ilikuwa imeuzwa kwa wageni mara mbili. "Chuma kina uzito. Siku hizi kila kilo inahesabiwa. Lakini ipo kamba ya dharura, chini ya mfuko wa mlango, na Sigbritt aliibuni kwa akili nyingi. Jina la Elna lipo palepale."

Sigbritt Ahlmark. Ndiye aliyekuwa mahabusu ya polisi tangu Ijumaa jioni. Mhandisi wa milango, mtoto wa mji, baba yake na baba yake Ragna walifunga vitasa kwenye mstari mmoja wa kazi. Marehemu Arvid Palmcrantz alikuwa mhandisi mwenzake, na Jumatano alisimama kikaoni akasema mlango wa Sigbritt utaua mtu majira ya baridi. Sigbritt alimrushia kikombe. Ijumaa jioni, mke wa Arvid alipopiga simu kuuliza mumewe yuko wapi, Sigbritt alirudi kiwandani peke yake, na mlinzi alimkuta kwenye chumba cha baridi, mtaimbo mkononi, mlango wa gari umekunjwa, na Arvid ameganda miguuni pake.

"Nimeubomoa mimi," aliwaambia polisi. "Andikeni hivyo." Zaidi ya hapo hakutoa neno, hata kwa wakili wake.

"Mimi sipendi kumsema vibaya," Gunvor aliendelea, na akamsema. "Lakini watu wote wa zamu walimsikia Arvid akipiga paa kabla ya kahawa ya Ijumaa. Kupiga paa maana yake mlango umefunguka. Kwa hiyo mlango ulikuwa mzima. Baada ya hapo mtu akaubana kwa mtaimbo Arvid asitoke. Nani ana sababu? Nani alikutwa na mtaimbo?"

"Kupiga paa?" Emin aliuliza.

Ragna ndiye aliyemweleza. Fundi akimaliza gari, huingia, hujifungia, hufungua, kisha hupiga paa kwa kiganja kutoka ndani, na wenzake walio nje humjibu. Kila mtu na mdundo wake. Ukiwa na furaha unapiga sana. Baada ya miaka tisini, ada hiyo ilitoka kiwandani ikaingia mjini. Watu wa Tunsta wakikaa tu ndani ya Hedenlund, hata kama wanakwenda dukani kununua mkate, mkono unafunga mlango wenyewe na paa linapigwa.

"Mji mzima mnapiga ngoma kwenye magari," alisema Emin, anajizuia kucheka. "Samahani, mkuu."

Ragna hakuudhika, kwa kuwa kuna kitu kilikuwa kinamkereketa tangu asubuhi na sasa kilikuwa kimeanza kupata umbo. "Emin. Gereji yetu, pale mlipoijaribu ile milango. Kuna baridi?"

"Baridi? Fundi wetu anafanya kazi na fulana tu, mkuu. Redieta zinatoa joto kama bafu la mvuke."

"Na hapa makumbusho kuna joto. Na wataalamu wako, Gunvor, wamejaribia wapi?"

"Hapahapa." Gunvor alikunja uso. "Inspekta, ulikulia hapa. Mzee Törnblad alifunga milango yetu maisha yake yote. Usiniambie na wewe umeanza."

"Sijaanza chochote. Nataka kuona mlango mzima ukiwa kwenye baridi aliyokuwamo Arvid. Ni hilo tu."

Alitarajia kukataliwa, au angalau kuzungushwa mpaka kesho, wakati Sigbritt atakapokuwa ameshapelekwa rumande kwa tuhuma za mauaji na kila mtu ameshika msimamo wake. Lakini Gunvor alitabasamu. Hilo ndilo lililomtia Ragna wasiwasi baadaye, alipolikumbuka. Mama yule hakuwa anaficha kitu. Aliamini.

"Lipo gari la namna hii kwenye chumba cha baridi tangu Jumamosi," alisema. "Twende ukalione, upate usingizi."

*

Chumba chenyewe kilikuwa sanduku la chuma ndani ya jengo, ukubwa wa gereji ya malori. Mbele yake palikuwa na chumba kidogo cha mitambo chenye dirisha la vioo vya tabaka mbili, na chini ya dirisha hilo swichi ya taa na spika iliyoleta sauti za ndani. Wakati huo spika ilileta muungurumo wa feni tu. Kando ya mlango mnene wa kuingilia palining'inia makoti mazito, na mtaimbo wa kubandulia barafu kwenye kizingiti. Mtaimbo wa Ijumaa ulikuwa stoo ya polisi. Huu ulikuwa pacha wake.

"Ijumaa walikuwa wangapi hapa?" Ragna aliuliza.

"Watatu, na Sigbritt," alisema Gunvor. "Arvid aliingia bila koti, alisema anakwenda dakika moja. Kanuni inasema mtu asiingie peke yake, lakini kwa kupiga paa tu nani anajali? Wakasikia anapiga. Wakamjibu kwa taa, wakaenda zao kahawa. Ijumaa kuna keki ya iliki. Baada ya kahawa, ndio nyumbani."

"Na hakuja kahawani."

"Hakuja."

Emin alishangaa. "Na hakuna aliyekwenda kumtafuta?"

"Walidhani ananuna," alisema Ragna. Kutokuja kwenye kahawa ya Ijumaa ni tusi, na mtu anayekutusi humfuati na sahani ya keki. Isitoshe, angekuwa amekwama wapi? Hakuna mtu aliyewahi kukwama ndani ya Hedenlund. Hata yeye, akiwa polisi wa miaka mingi, alipopewa kesi hii hakuuliza kama mlango uligoma. Aliuliza nani aliubana. Aibu ilimpanda taratibu kutoka shingoni.

Simu ya Emin ililia. Aliisoma, akakunja uso. "Mwendesha mashtaka. Humu mtandao unakatika, chuma tupu. Nitoke nje?"

"Toka. Mwambie asisaini kitu mpaka nimpigie."

Emin akatoka. Ragna alivaa koti zito, akajaribu glavu zilizokuwa kwenye ndoo pale, zote kubwa, akaziacha. Alitaka jambo dogo tu kabla ya jaribio lenyewe: kujua mtu aliyeketi kwenye usukani anaona nini dirishani. Emin akirudi, mmoja angekaa ndani na mwingine nje, mlango wazi, kila kitu kwa utaratibu.

"Naingia kuangalia," alimwambia Gunvor.

"Karibu sana."

Baridi ilimkamata puani kwanza, halafu machoni. Gari lilikuwa limesimama katikati, jeupe kwa umande ulioganda, chembe zake kama sukari. Alimpa Gunvor ishara, naye kutoka chumba cha mitambo akafungua mlango wa gari kwa mtambo wake uliokuwa na umeme wa nje. Mlango ukafunguka vizuri. Gunvor akachomoa umeme huo, kama walivyofanya Ijumaa, gari libaki na betri yake. Ragna akaketi. Kiti kilikuwa kigumu kama benchi la kanisa. Kupitia kioo cha mbele, nyuma ya barafu, aliona dirisha la mitambo kama doa la njano na kivuli cha Gunvor ndani yake. Sura haionekani. Mikono haionekani. Basi Arvid naye hawakumwona.

Akaligeuza hilo akilini, na wakati analigeuza, mkono wake wa kushoto ukafunga mlango.

Hakuamua kuufunga. Ulikuwa mkono wa mtoto wa Tunsta, uliofunzwa kazi hiyo kabla ya kujua kuandika. Mlango uliingia mahali pake kwa mlio mzuri wa kuridhisha, mlio ambao baba yake alikuwa akiusifu mezani.

"Mjinga mimi," alisema Ragna kwa sauti. Akabonyeza kitufe.

Kitufe kiliwaka taa hafifu, ikafifia, ikazima.

Akabonyeza tena. Hakuna kitu. Akabonyeza vile vya madirisha, kisha akanyoosha mkono upande wa abiria. Gari lote lilikuwa limekufa, betri imeuawa na baridi. Bado hakuogopa. Aliingiza vidole chini ya mfuko wa mlango, akaitafuta kamba ya dharura, akaipata, akaivuta. Kamba ilikuwa ngumu kama waya, imeshikana na mrija wake. Alivuta kwa mikono miwili, mguu ameukaza kwenye dashibodi. Ilisogea kidogo, ikamchana kidole, halafu ikakatika, na Ragna akabaki ameshika kipande kisicho na kazi.

Hapo ndipo alipoogopa. Aliogopa kwa mwili mzima, akapiga kelele jina la Gunvor, na kelele yake ikarudi usoni kwake. Vioo vya Hedenlund ni vinene. Hiyo nayo ni sifa yake. Akageuka akavipiga teke, mara kwa mara, na kisigino kikamuuma tu. Nje feni zilikuwa zinavuma. Feni humeza sauti ya mtu. Mlio wa bati haziwezi kuumeza.

Basi akafanya alilobakiza. Akainua ngumi akapiga paa. Alipiga kwa nguvu zake zote, bila mdundo, anapiga na kulia, na damu ya kidole inamchuruzikia kwenye mkono wa koti.

Doa la njano mbele yake lilizima. Likawaka. Likazima, likawaka.

Ragna aliganda, ngumi ikiwa hewani. Gunvor alikuwa amemjibu. Gunvor alikuwa amesimama pale, anatabasamu bila shaka, amefurahi kwamba binti wa mzee Törnblad amepata jibu lake.

"Hapana," alisema Ragna. "Hapana, hapana, hapana."

Akapiga zaidi. Na kadiri alivyopiga, ndivyo taa ilivyomjibu kwa furaha zaidi. Sasa aliijua Ijumaa yote, kama vile amekaa mapajani mwa Arvid. Mwanamume bila koti, mlango umegoma, anapiga paa kuomba uhai wake, na mbele yake taa inamwambia hongera. Kisha taa inabaki imewaka tu, na watu wameondoka. Ushahidi mkubwa wa mwendesha mashtaka, kwamba mlango ulikuwa mzima kwa sababu paa lilipigwa, ulikuwa ni kilio cha mtu anayekufa.

Na yeye alikuwa anakwenda kuufia ushahidi huo ndani ya sanduku hilohilo. Alimchukia Gunvor. Alimchukia Elna. Alimchukia baba yake na mlio wa mlango wake mezani, akajutia hilo papo hapo, akaendelea kupiga.

Emin alimsimulia yaliyobaki baadaye. Alirudi kutoka kuzungumza kwa simu, akamkuta Gunvor anacheza na swichi ya taa, na spika inadunda.

"Nani anapiga hivyo?" Emin aliuliza.

"Inspekta wako. Sikiliza mwenyewe! Damu ya Tunsta haipotei."

"Anapiga kwa nini?"

"Anafurahi, kijana. Anapiga paa."

Emin alisikiliza kidogo tu. Hakuwa na mapenzi na magari yale, wala hakuwahi kupelekwa na shule kuona tope. "Mama," alisema, "mtu akipiga hivyo kwetu, tunamfungulia."

Gunvor aliruka kwenye mtambo na kuchomeka umeme. Ulikataa, barafu ilikuwa imeshaingia kwenye tundu lililotoboa ukuta wa chumba cha baridi. Emin hakumngoja. Ragna alichokiona kutoka ndani ni kivuli kirefu kinachokuja mbio, kinavuta kitasa cha nje bila mafanikio, halafu ncha ya mtaimbo ikiingia kati ya mlango na nguzo, mpira unachanika, chuma kinapiga yowe. Mlango ukakunjika chini ya kitasa cha nje, ukaachia. Emin akamvuta kwa kola kama mzigo, akamtoa nje ya chumba, wote wawili wakaanguka sakafuni.

Gunvor alikuwa amejibana ukutani. Mkono wake bado ulikuwa juu ya swichi.

"Alikuwa anapiga paa," alisema. Hakuwa anazungumza na mtu. "Walisema alikuwa anapiga paa."

Ragna alijaribu kusema, meno yakagongana. Emin alimsugua mikono, akamtukana kwa Kibosnia, akamsugua tena. Alipoweza kusimama, Ragna hakwenda kwenye redieta. Alirudi kizingitini, akautazama mlango. Mkunjo ulikuwa chini ya kitasa, umetokezea nje, na alama mbili za mtaimbo zilikuwa upande wa ndani wa ukingo. Mtu anayebana mlango husukuma bati liingie. Hili lilikuwa limevutwa litoke.

"Piga picha," alimwambia Emin. "Kisha ilete ile ya Ijumaa."

Hakukuwa na haja ya kuilinganisha kwa muda mrefu. Picha zilikuwa ndugu wa tumbo moja.

"Inspekta." Gunvor alikuwa ametoka ukutani. Uso wake ulikuwa umezeeka ghafla. "Sherehe ya kulizindua ni Jumamosi. Mji huu hauna kiwanda kingine. Hauna kitu kingine chochote. Tungeweza kurekebisha kimyakimya, kamba ya namna nyingine, mrija wenye mafuta. Mwanamke mmoja, na hata yeye mwenyewe hajitetei..."

"Umesikia unachosema?"

Gunvor alisikia. Alifunika mdomo kwa kiganja, akageukia dirisha, akalitazama gari lililokuwa linavujisha ukungu kupitia mlango wake uliopasuka. Alikuwa analia, na Ragna alimhurumia, lakini hakukaa kumbembeleza.

*

Sigbritt Ahlmark alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda cha mahabusu, mikono katikati ya magoti. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye mabega ya mwogeleaji, na tangu Ijumaa hakuwa amechana nywele. Ragna aliuacha mlango wa chumba wazi nyuma yake. Akaweka picha mbili juu ya blanketi.

"Ipi ni yako?"

Sigbritt aliziangalia. Macho yake yalikwenda huku, yakaja huku, yakarudi.

"Nani alikuwa ndani?"

"Mimi."

Sigbritt aliinua kichwa, akaona kidole cha Ragna kilichofungwa bendeji. "Kamba?"

"Ilikatika."

"Unyevu unaingia kwenye mrija kila mlango wa chumba ukifunguliwa, kisha unaganda. Arvid aliniambia. Aliniambia mbele ya watu wote, nikamrushia kikombe."

"Ulirudi jioni ukakuta haufunguki, ukaubomoa ili umtoe. Hukumbana mtu. Nimeshazungumza na mwendesha mashtaka. Uko huru, Sigbritt, unaweza kwenda nyumbani sasa hivi." Alingoja. Alitazamia machozi, au hasira, au angalau swali. "Kwa nini hukusema? Ungekwenda jela miaka mingi kwa ajili ya mlango?"

"Mlango?" Sigbritt alicheka bila sauti. "Mnadhani nalinda mlango."

Ragna akavuta kiti, akaketi karibu naye. Kiti kilikuwa na mguu mbovu na kilimyumbisha.

"Ulipiga paa?" Sigbritt aliuliza.

"Nilipiga."

"Ukajibiwa."

"Nilijibiwa, ndiyo. Kwa taa."

"Arvid alipiga kwa muda mrefu mno. Hatujawahi kumsikia mtu akipiga vile. Wenzangu walicheka, wakasema sikiliza, mzee kasalimu amri, ameupenda mlango wa Sigbritt. Na mimi nilifurahi, Inspekta. Nilifurahi hadi machozi yakanitoka. Niliwaambia sasa mmeona." Aliigeuza picha ya Ijumaa ikalala kifudifudi. "Aliendelea kupiga, nami nikaendelea kumjibu. Swichi ile niliishika mimi. Halafu nikaenda kula keki."

Mezani kwa Ragna kulikuwa na fomu ya kumwachilia inayosubiri kusainiwa, na korido ilikuwa nyeupe, tupu, mpaka kwenye mlango wa barabarani.

"Mlango uko wazi, Sigbritt," alisema mwishowe.

"Naona," alisema Sigbritt, na akabaki amekaa.